NANI ANATAKA KUSEMA?

Somo la vijana juu ya ujasiri wa kusema kweli

Mistari ya kusoma: Matendo ya Mitume 3 na 4, Yohana 18:15-27, Waebrania 4:14-16 na 10:19-23.

 Kijana, wewe shika tu karatasi. Umepewa bure, hudaiwi kitu. Ukifika nyumbani isome polepole, na kama huna Biblia kaazime kwa jirani, ila umrudishie.

Leo nataka tujifunze neno moja la Kigiriki. Usikimbie! Mimi nimeishia darasa la saba, Kigiriki nimekutana nacho chuo cha Biblia, tena kidogo tu. Lakini neno hili moja lilinikamata, na naamini litakukamata na wewe, maana linahusu mdomo wako.

Neno lenyewe ni PARRESIA. Limeungwa kwa maneno mawili, moja maana yake ni "yote" na jingine ni "kusema". Kusema yote. Mtu anafungua moyo wake, hafichi, hapindishi, hatafuti maneno ya kumpaka mafuta mkubwa, na anajua kabisa kwamba akishasema anaweza kuumia. Hapo kwenye kuumia ndipo neno lilipo. Mwalimu akimwambia mtoto kwamba amekosea hesabu, hana cha kupoteza. Lakini mtoto akinyoosha kidole mbele ya darasa zima na kusema, "Mwalimu, samahani, hiyo ya ubaoni imekosewa," hapo sasa umeona parresia. Katika Biblia zetu za Kiswahili mahali pengi neno hili limeandikwa "ujasiri", na mahali pengine "waziwazi".

ATHENE, MJI WA WASEMAJI

Neno hili linaanza kuonekana katika maandishi ya Wagiriki karne ya 5 kabla ya Kristo, katika mji wa Athene. Mji ule haukuwa na mfalme. Wananchi wenyewe walikutana juu ya kilima kinachoitwa Pnyx, maelfu ya watu, na kwa mambo mengine makubwa walitakiwa wafike 6,000. Kabla ya kuanza ilitolewa sadaka, kisha mpiga mbiu akatamka dua, na laana juu ya mtu yeyote atakayesimama kuwadanganya watu. Halafu akauliza kwa sauti kubwa: Nani anataka kusema? Hapo mwananchi yeyote aliweza kusimama, awe tajiri au fundi viatu.

Mkutano ule waliuita eklesia. Lishike neno hilo. Mitume walipoandika habari za kanisa kwa Kigiriki, walitumia neno hilo hilo. Kwa hiyo kanisa kwa jina lake la kwanza ni mkutano wa watu walioitwa, wenye ruhusa ya kusema. Siyo mahali pa kukaa kimya ukisubiri chakula cha mchana.

Lakini ngoja, usiwasifu sana hao Waathene. Mwanamke hakuruhusiwa kusema pale. Mtumwa hakuruhusiwa. Mgeni, hata awe amekaa mjini miaka thelathini na kulipa kodi, hakuruhusiwa. Parresia ilikuwa haki ya kuzaliwa. Kama hukuzaliwa mwananchi, ufunge mdomo.

Yupo mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Athene aliyeitwa Euripides. Huyu ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuliandika neno hili. Katika mchezo wake mmoja yumo kijana anaitwa Ion. Ametupwa akiwa mtoto mchanga, amelelewa hekaluni Delphi akifagia na kufukuza ndege, hamjui baba wala mama. Siku moja anaambiwa amepata baba, mkubwa wa Athene, aende akakae naye kwenye nyumba nzuri. Wewe ungeruka kwa furaha. Ion akahuzunika. Alisema kwa maana hii: laiti mama yangu awe mzaliwa wa Athene, ndipo nitakuwa na parresia kutoka kwake; maana mtu aliyetoka nje, hata akiandikwa mwananchi, mdomo wake unabaki wa mtumwa.

Umesikia hilo? Kijana amepata nyumba, amepata mali, amepata jina, na bado anaulizia mdomo. Anajua mtu anaweza kula vizuri, kuvaa vizuri, na kinywa chake kikawa kimefungwa kamba. Wako vijana wengi wa namna hiyo hata hapa uwanjani leo. Wewe kijiweni unacheka wenzako wakicheka, unasema "poa" wakati moyoni siyo poa. Bosi akikosea unaitikia "ndiyo mzee". Nyumbani unamwambia mama nilikuwa kwa shangazi. Siku nzima umesema maneno mengi sana, na hakuna hata moja la kwako.

Habari ya Ion nitairudia, nina jambo lake.

SOCRATES NA WENZAKE

Nisikuchoshe na Wagiriki wote, nitakupa watatu tu.

Socrates alikuwa mzee wa Athene aliyezunguka sokoni akiwauliza wakubwa maswali mpaka ikaonekana kwamba hawajui wanachojidai kujua. Mwaka 399 kabla ya Kristo, akiwa na miaka 70, wakamshitaki kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Rafiki zake walikuwa tayari kumtorosha gerezani. Akakataa. Akanywa sumu akafa. Sikwambii umfanye Socrates mwokozi wako, hakumjua Yesu, amekufa miaka karibu mia nne kabla ya Bethlehemu. Ila nakuuliza: kama mtu asiye na ahadi ya ufufuo alikataa kumeza maneno yake, wewe unaogopa kuzomewa kijiweni?

Wa pili, Diogenes. Huyu alikuwa maskini wa kujitakia. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ni kitu gani kizuri kuliko vyote kwa wanadamu, alijibu: parresia. Inasimuliwa pia kwamba Alexander, mfalme aliyeteka nchi nyingi, alimkuta Korintho anaota jua akamwambia aombe anachotaka. Diogenes akamwomba asogee, anamkinga jua. Watu wanalipenda sana jibu hilo. Mimi silipendi sana. Ni kweli hakumwogopa mfalme, lakini pia hakumsaidia kitu. Wako watu leo wanaosema, "Mimi bwana nasemaga ukweli," kumbe anatukana tu. Kuropoka siyo ujasiri, mlevi naye anaropoka.

Wa tatu ndiye aliyenifundisha zaidi. Anaitwa Plutarch, aliishi karne ile ile ya mitume na kuvuka kidogo. Aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kumtambua rafiki wa kweli na mtu wa kujipendekeza. Utasema ni rahisi, mwenye kujipendekeza anasifia tu. Plutarch anasema hapana, mjanja anajifanya naye ana parresia! Anakukaripia kwa nguvu juu ya kitu kidogo, mfano nywele hujachana, shati halijapigwa pasi, huku dhambi kubwa inayokumaliza haigusi. Unabaki unasema, huyu kweli ananiambia ukweli. Tena Plutarch anaonya: rafiki wa kweli anachagua wakati, hakuaibishi mbele za watu.

Kiswahili chetu kina hekima hiyo ndani yake. KUMSEMA mtu na KUSEMA NA mtu ni vitu viwili. Kumsema unakufanya wakati hayupo. Kusema naye inabidi umwangalie machoni. Mwangalie nabii Nathani (2 Samweli 12). Mfalme Daudi amemchukua mke wa mtu, na mume wake amemuulisha vitani. Mji mzima bila shaka walimsema. Nathani peke yake ndiye aliyekwenda kusema naye. Akaingia kwa hekima, na mfano wa mwana-kondoo wa maskini, mpaka mfalme akajihukumu mwenyewe. Yohana Mbatizaji naye alisema na Herode juu ya mke wa ndugu yake (Marko 6). Nathani alirudi nyumbani kwake. Yohana alikatwa kichwa. Sitakudanganya kwamba kusema kweli mwisho wake ni mzuri siku zote hapa duniani.

UA MMOJA, USIKU MMOJA

Sasa fungua Yohana 18, kuanzia mstari wa 15. Taratibu hapa, ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Ni usiku wa kukamatwa Yesu. Ndani ya nyumba, kuhani mkuu anamhoji. Yesu anajibu kwamba yeye amesema na ulimwengu waziwazi, katika sinagogi na hekaluni, wala hakufundisha jambo kwa siri, waulizeni waliosikia. Kwa Kigiriki neno lililopo pale ni parresia. Askari mmoja akampiga kofi. Yesu hakutukana, wala hakunyamaza. Alimwuliza: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe; kama nimesema vyema, unanipigia nini?

Nje, kwenye ua wa nyumba hiyo hiyo, Petro anaota moto wa makaa. Ni baridi. Anakuja kijakazi mlinda mlango anamwuliza kama na yeye ni mwanafunzi wa mtu huyu. Siyo jemadari huyo, ni msichana wa kazi! Petro akasema, Si mimi. Wakamwuliza tena. Si mimi. Mara ya tatu, jogoo akawika.

Ona jinsi Yohana alivyoandika. Anaanza na Petro, anaingia ndani kwa Yesu, anatoka tena kwa Petro. Anataka uone vinywa viwili kwa pamoja. Ndani kuna mtu amefungwa kamba mikono na kinywa chake kiko huru. Nje kuna mtu yuko huru mikono anaota moto, na kinywa chake kimefungwa. Wewe uko upande gani wa ukuta ule?

Siku zikapita. Yesu akasulubiwa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu akashuka. Haleluya! Baada ya hapo Petro na Yohana wakamkuta mtu kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, kiwete tangu tumboni mwa mama yake, ana umri wa zaidi ya miaka arobaini. Kwa jina la Yesu akasimama, akaruka. Watu wakajaa. Wakubwa wakakasirika, wakawaweka mitume ndani mpaka asubuhi.

Na asubuhi, soma Matendo 4:6, nani wamekaa kitini? Anasi na Kayafa. Wale wale! Petro aliyetetemeka mbele ya kijakazi wao sasa amesimamishwa mbele yao wenyewe. Safari hii akajazwa Roho Mtakatifu akawaambia: huyu amepona kwa jina la Yesu ambaye ninyi mlimsulubisha na Mungu akamfufua. Mstari wa 13 unasema walipouona ujasiri wa Petro na Yohana, nao wamejua kwamba ni watu wasio na shule, watu wa kawaida, walistaajabu, wakawatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Hapo kwenye "ujasiri", Kigiriki kinasema parresia.

Kule Athene ulipaswa uwe mwanaume, mwananchi, na kama umesomea kusema ndiyo bora zaidi. Hapa wanasema wavuvi wa Galilaya. Mungu ameichukua haki ya wakubwa akawapa watu wa nyavu. Kama kuna mtu alikwambia wewe umefeli mtihani huna la kusema, mwonyeshe mstari huu.

Kuna jambo jingine watu wengi wanalipita. Mitume walipotishwa na kuachiliwa, walirudi kwa wenzao wakaomba (4:24-31). Waliomba nini? Mimi ningedhani wataomba Kayafa afe. Hawakuomba hivyo, wala hawakuomba vitisho viondolewe. Waliomba Mungu avitazame vitisho vile, na wao awape kulinena neno lake kwa parresia yote. Mahali pale pakatikisika. Kwa hiyo ujasiri huu hauzaliwi na kifua kipana. Unaombwa, na Mungu anaujibu.

KINYWA MBELE ZA MUNGU

Lakini ujasiri wa Petro haukuanzia barazani. Mtu anayejificha kwa Mungu hawezi kusimama wazi mbele ya watu. Na hapa ndipo vijana wengi tunakwama. Adamu alipotenda dhambi alifanya nini? Alikwenda kwenye miti. Mungu anamwita, yeye yuko nyuma ya majani. Tangu siku hiyo mwanadamu ana majani yake. Mwingine ni pombe. Mwingine ni muziki kwa sauti kubwa usiku ili asisikie moyo wake. Mwingine, nisamehe nikisema, ni dini yenyewe: anasali maneno aliyokariri huku jambo lenyewe hajawahi kulitaja.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mwanamke anayeona aibu mbele ya mkunga atakufa na mtoto tumboni. Ndivyo na dhambi. Mwambie Mungu yote, kwa jina lake. Usiseme "Bwana kama nimekosa." Sema, niliiba pesa ya ada. Sema, nilimpa msichana mimba nikamkana. Sema, namchukia baba yangu kwa kutuacha. Yeye anajua tayari, hutamshtua.

Utaniuliza, mimi nina haki gani ya kusema na Mungu namna hiyo? Swali zuri, na ndilo lililomsumbua Ion. Alijua parresia ni ya mzaliwa, na yeye hakujua amezaliwa na nani. Sasa soma Waebrania 4:16, halafu 10:19. Tunaambiwa tukikaribie kiti cha neema kwa parresia, na kwamba tunayo parresia ya kuingia patakatifu kwa damu ya Yesu. Kwa damu! Yesu alimwambia Nikodemo habari za kuzaliwa mara ya pili (Yohana 3), na Paulo anawaambia Wagalatia (4:7) kwamba aliyekuwa mtumwa sasa ni mwana. Ukizaliwa mara ya pili umepewa uenyeji. Hata kama jina la baba kwenye cheti chako halipo, hata kama umelelewa na bibi au umelelewa na barabara, mdomo wako siyo wa mtumwa tena. Unamwita Mungu Baba, naye anaitika.

NENO KWA ANAYETISHWA

Kabla sijamaliza, yupo binti anasoma hapa, na pengine ni kijana wa kiume. Kuna mtu mzima anakutendea uovu kwa siri, na amekwambia, "Ukisema nitakuua," au, "Ukisema utavunja nyumba." Mpendwa, siri hiyo si dhambi yako. Usiombe tu, sema. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mama, bibi, mwalimu, mjumbe, mama mchungaji. Wa kwanza asipokuamini mwendee wa pili. Kwenye vituo vya polisi Tanzania lipo dawati la jinsia na watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, Tanzania na Kenya. Na mtu yeyote akikwambia unyamaze ili jina la kanisa lisiharibike, jua huyo hakutumwa na Yesu aliyesema hakufundisha kitu kwa siri. Hata kama mtu huyo anahubiri.

SALI HIVI

Unaweza kusali kwa maneno yako, ndiyo bora. Kama hujawahi kabisa, anza na haya:

"Mungu, mimi ni (taja jina lako). Nimekuwa nikijificha. Dhambi zangu ni hizi (zitaje moja moja, usiogope). Naamini Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka. Nioshe kwa damu yake. Nifanye mtoto wako. Nijaze Roho Mtakatifu, ufungue kinywa changu. Amina."

Kisha usiondoke kimya. Wakati wa wimbo wa mwisho pita mbele upande wa kushoto wa jukwaa. Utawakuta wahudumu, wa kike kwa wasichana na wa kiume kwa wavulana. Hatukuulizi dini ya wazazi wako wala hatuombi sadaka. Tutakaa na wewe kwenye benchi, tutakuuliza swali lile la kilimani Athene, halafu sisi tutanyamaza.